Haiumi

Katika miaka minne ya mwanzo ya uuguzi wangu, neno nililolitamka mara nyingi kuliko mengine yote kazini lilikuwa "haiumi". Nililisema huku nimeficha sindano nyuma ya mgongo. Nililisema kwa sauti nyororo ya kubembeleza, mkono mmoja ukipapasa paja la mtoto, mwingine ukitafuta pamba yenye spiriti. Chuoni hakuna mwalimu aliyenifundisha kulisema. Nililirithi wodini kwa walionitangulia, pamoja na trei za bati na mikasi isiyokata. Kila lilipotoka kinywani mwangu lilikanushwa papo hapo, mbele ya mashahidi, kwa yowe. Kesho yake nikalisema tena.

Watoto hawakuwa wajinga. Mwanafunzi mzito nilikuwa mimi. Mtoto aliyedungwa leo baada ya kuambiwa haiumi, kesho huangua kilio mtu mwenye koti jeupe akipita tu mlangoni, hata kama mtu huyo amebeba faili na kikombe cha chai. Wazazi nao hutusaidia kuiharibu kazi. Ni mara ngapi, ndugu msomaji, umesikia sokoni au ndani ya daladala: "Nyamaza, la sivyo nitamwita daktari akuchome sindano"? Mtoto hufikishwa kwetu akiwa amekwisha kuhukumiwa, nasi twashangaa anapoogopa utekelezaji wa hukumu.

Kazi nilianzia Iringa. Wodi yetu ya watoto ilikuwa na vitanda vichache kuliko wagonjwa, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya nyanda za juu iliingia kwa kila upenyo wa dirisha. Akina mama waliotoka Kilolo walikuja wamejiandaa kwa mablanketi. Waliopanda kutoka Pawaga, bondeni kwenye mpunga na malaria, walitetemeka ndani ya kanga mbili. Mimi si mzaliwa wa huko. Nilifika na Kiswahili changu cha shule nikidhani kinatosha. Juma la kwanza tu, muuguzi mwenzangu ambaye ni Mhehe alinionyesha kosa langu bila kunikosoa: aliingia, akasimama katikati ya wodi, akasema, "Kamwene!" Vichwa vyote vikainuka. Bibi mmoja ambaye kwa siku tatu alikuwa akinijibu kwa kutikisa kichwa alianza kusimulia ugonjwa wa mjukuu wake tangu mwanzo, na ndani ya simulizi hiyo mlikuwa na jambo ambalo faili letu halikuwa nalo: mtoto alikunywa dawa ya mizizi alfajiri ya siku aliyolazwa. Mimi nilikuwa nimemwuliza, "Kuna dawa nyingine aliyotumia?" naye akanijibu hapana. Nilikuwa nimeuliza kama askari wa forodha, na askari wa forodha hujibiwa hapana.

Sisemi haya ili kukidogosha Kiswahili, lugha ninayoipenda na ambayo ndiyo iliyonikutanisha na ninyi. Nasema tu kwamba kwa wazee wengi wa kule, Kiswahili ni lugha ya shule, ya mahakama na ya ofisi ya kijiji. Mtu hushitakiwa kwa Kiswahili, akaugua kwa Kihehe. Anayetaka kuujua ugonjwa hana budi kugonga mlango wa nyumba ambamo ugonjwa umelala.

Lugha yetu ilipokea kutoka Kiarabu maneno manne ya ukoo mmoja: amini, imani, amani na amana. Hilo la nne ndilo linalonishughulisha zaidi. Amana ni kitu ulichowekewa na mwenyewe, naye atarudi kukidai. Mtazame mama anapomkabidhi mwanawe kwa muuguzi: mikono hutangulia, kifua hubaki nyuma, kisha kuna nukta moja ambapo watu wawili wamemshika mtoto mmoja. Katika nukta hiyo ndipo amana hukabidhiwa. Nasi, miaka ile, tulikuwa tukijibu kwa maneno mawili: "Subiri nje." Mlango hufungwa. Mama husikia kilio cha mwanawe kupitia mbao, hana la kufanya ila kubuni kinachotendeka ndani, na akili ya mama aliye nje ya mlango haijawahi kubuni jambo jema.

Nitasimulia lile ambalo bado linaniamsha usiku.

Aliletwa mtoto wa kiume, umri kama miaka mitatu, ana homa kali na shingo imekakamaa. Aliyemleta ni bibi yake. Daktari alianzisha dawa ya kuua vijidudu mara moja, kisha akataka yapimwe maji ya uti wa mgongo ili ajue anapambana na nini na kwa muda gani. Nikatumwa kuomba ridhaa. Nikamwendea yule bibi nikamwambia, "Bibi, tunataka kumtoa mtoto maji ya mgongoni."

Akanitazama kitambo. Akauliza, "Yote?"

Nikacheka.

Haikuwa dharau; ulikuwa uchovu wa zamu ya usiku. Lakini yeye hakuwa na namna ya kuujua uchovu wangu, alichokiona ni meno. Leo naweza kulitetea swali lake mbele ya mwanaisimu yeyote. Kitenzi "kutoa" kina jamaa wabaya katika lugha yetu: roho hutolewa, kafara hutolewa, mimba hutolewa. Anayesikia kwamba mjukuu wake atatolewa maji ana haki ya kuuliza yatabaki kiasi gani. Tena, kijijini kwao alimjua mtoto aliyechomwa sindano ya mgongo jioni akafariki usiku. Hilo alinieleza. Mimi, badala ya kulishika na kulifungua, nikamjibu kwa sentensi ambayo wahudumu wengi wameisema na wengi wataisema: "Usipokubali, atakufa." Nilidhani natoa taarifa. Yeye alisikia tishio, na mwenye kutisha hapewi amana.

Aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kukataa. Siku ya tatu alfajiri, akihofu kwamba tungemchoma mtoto yeye akiwa amesinzia, alimfunga mgongoni akaondoka, dozi ikiwa haijafika hata nusu.

Niliwaona tena baada ya miezi kadhaa, kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mtoto yu hai. Alikuwa akitembea kwa kuyumba, ameshika ukingo wa benchi. Nikamwita kwa jina lake, hakugeuka. Nikaita tena. Bibi akanigusa mkono akasema kwa upole ulionichoma zaidi kuliko tusi, "Hasikii, mwanangu."

Homa ya uti wa mgongo huacha uziwi hata kwa watoto waliotibiwa mpaka mwisho, hivyo siwezi kuapa kwamba cheko langu ndilo lililoyaziba masikio yale. Wala siwezi kuapa kwamba silo.

Nimeyapanga maneno ambayo ningemwambia mara nyingi mno, mpaka yamekuwa ndiyo ninayoyatumia. Tutapima maji ya mgongoni. Tunachukua matone machache, hayajazi kijiko cha chai, na mwili hutengeneza mengine siku hiyohiyo. Sindano huingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma. Yule mtoto wa jirani alichomwa kwa sababu alikuwa tayari mahututi. Sindano ilikutwa pale kama jirani aliyekuja kuzima moto akakutwa na ndoo mkononi kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Na wewe, bibi, utakaa hapa kichwani kwake, umshike. Sijui kama angekubali. Najua wengine waliokubali.

Kuna neno jingine la Iringa nisilotaka kulipita, ingawa si la wodini bali la kliniki: udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa ni wafupi kuliko umri wao, wakati kwa taifa zima ni 30. Hayo katika mkoa unaovuna mahindi mpaka yanauzwa mikoa mingine! Kwa hiyo neno likabandikwa kwenye kuta, likatangazwa mikutanoni. Lakini katika masikio ya wengi, kudumaa si kimo peke yake, ni uzito wa akili pia. Mama mmoja alitoka kwenye mzani akimweleza mwenzake foleni nzima ikisikia: "Wanasema mwanangu amedumaa. Mbona ana akili kuwashinda hao wao?" Kliniki hakurudi mwezi uliofuata. Tangu hapo mimi huifungua kadi, nikamwonyesha mama mstari, nikasema urefu wake unapanda, ila unapanda taratibu kuliko miezi yake. Tuzungumze anakula nini ukiwa shambani. Hapo huja habari za kweli: kwamba mtoto hushinda na dada yake wa miaka saba, na uji wa asubuhi ndio huohuo wa mchana. Wataalamu wa lishe wanaweza kuendelea na neno lao katika ripoti. Mbele ya mama si lazima liingie.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya. Ukiifuata barabara kuu ya kuelekea Zambia unaiacha misonobari ya Mafinga, unapita Makambako na upepo wake, na unapofika umebadilisha hata salamu: Wanyakyusa huamkiana ugonile, na mkubwa huheshimiwa kwa wingi, mugonile, salamu ambayo ndani yake mna habari ya usingizi. Kwa muuguzi wa watoto salamu hiyo ni nusu ya uchunguzi, maana mama ukimwuliza amelalaje atakuambia mtoto alilalaje.

Huko nilikuta muuguzi mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu. Siku ya pili alinisikia nikimwambia binti mdogo "haiumi". Hakusema kitu mbele ya mtoto. Baadaye alinivuta kando ya sinki akaniambia, "Mwanangu, yule umemwibia." Kisha nikamwona yeye akifanya kazi. Alimwita mama ndani, akamkalisha, mtoto mapajani. Akaiweka sindano mezani, ionekane. Akamwambia mtoto, "Itauma. Itauma kama siafu, halafu siafu ataondoka. Ruhusa kulia, ila mkono tuuache utulie." Akampa mtoto pamba aishike, awe mwenye kazi. Mtoto alilia, naam. Lakini alilia akiwa ameuacha mkono mahali pake, na alipomaliza aliikandamiza pamba mwenyewe kwa makini ya fundi. Juma lililofuata aliporudi, alimtafuta yule mama kwa macho.

Nilipofika nyumbani nikatunga ubeti mmoja wa utenzi ili niukumbuke usemi ule, nao nimeutumia tangu hapo:

Mwanangu njoo karibu,
Sindano ina taabu,
Uchungu wake hesabu:
Moja, mbili, umekwisha.

Si ubeti wa kujivunia, na wajuzi mtaona mara moja kwamba nimeutegemeza kwenye vina vyepesi. Wahakiki wangu ni wakali kuliko ninyi. Mvulana mmoja wa miaka mitano aliwahi kunikatiza katikati ya kazi kwa machozi: "Sista, mbili imeshapita!" Ilikuwa kweli. Nikamwomba radhi, tukaenda mpaka tano.

Nikadhani basi nimeponywa uongo. Nilikuwa nimeacha neno moja tu.

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mvua, viazi na chai, na pia ni nchi ambayo VVU vimekaa kuliko kwingine Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, hali kwa taifa ni karibu asilimia 5. Ndiyo sababu Mbeya ina kituo cha Baylor kwa ajili ya watoto, kilichofunguliwa mwaka 2011, na ndiyo sababu kliniki nyingi za mkoa zina siku yao ya watoto. Mwaka huohuo wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake, hatua kwa hatua, kwa kadiri anavyoweza kuelewa. Mwongozo ni kurasa kadhaa. Mdomo wa bibi aliyemzika bintiye ni jambo jingine.

Niliyetaka kumsimulia alikuwa mvulana wa darasa la nne aliyelelewa na bibi yake mzaa mama. Tangu akiwa mdogo alikunywa dawa za kufubaza virusi: kwanza ile dawa ya maji chungu iliyowatapisha wengi kabla havijaja vidonge vya watoto vya kuyeyusha katika maji vyenye ladha ya stroberi, kisha vidonge vya kumeza. Nyumbani aliambiwa ni dawa za kifua. Nasi kliniki, kwa kumheshimu bibi, tuliitikia. Nilimkabidhi kopo kwa mkono wangu, mwezi baada ya mwezi, nikisema, "Haya, dawa zako za kifua hizi." Kila tulipomgusia bibi habari ya kumweleza, alijibu, "Akikua." Alikuwa na sababu zake, nami sizidharau: alihofu mtoto atalisema shuleni, alihofu swali la pili litamhusu marehemu, na marehemu alikuwa amemwomba anyamaze. Uongo wake ulitoka kwenye mapenzi na aibu. Wangu ulitoka kwenye foleni ndefu.

Kisha vipimo vikaonyesha kwamba wingi wa virusi umepanda. Bibi aliapa kuwa kila usiku humpa dawa kwa mkono wake. Kumbe mtoto alikuwa akiviweka chini ya ulimi, kisha akavifukia kwenye ufa wa ukuta wa matofali mabichi, nyuma ya kitanda. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwa mantiki isiyo na upenyo: "Kifua hakiniumi."

Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na pale mlangoni hapakuandikwa kifua."

Nikageuka kuutazama mlango ambao nilipita chini yake kila siku. Kibao kilisema wazi, kwa Kiswahili sanifu na herufi kubwa: HUDUMA NA MATUNZO KWA WANAOISHI NA VVU. Sisi watu wazima tulikuwa tumekaa vikao kujadili lini mtoto aambiwe, na katika muda huo yeye alikuwa amejifunza kusoma.

Tukaketi wanne: yeye, bibi, mshauri nasaha na mimi. Mshauri alieleza kwa mfano unaotumika sana, wa askari walinzi wa mwili na adui aliyelazwa usingizi kwa dawa. Naupenda mfano huo, hasa kwa mtoto wa Iringa, mji ambao jina lake latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Nisiloupendea ni pale mtu anapowaita virusi "wadudu". Binti mmoja aliwahi kuniuliza kama watatoka akioga kwa sabuni nyingi. Mvulana wetu alisikiliza mpaka mwisho. Hakutaka habari za askari.

"Mama naye alikuwa navyo?"

Mshauri akafumbua kinywa, bibi akamtangulia. "Alikuwa navyo."

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua, mjukuu wangu. Niliogopa."

Akautazama ukuta kitambo kirefu. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kucheza mpira. Tukamwambia anaruhusiwa. Akasema sawa, akatoka nje.

Siwezi kuwaambia kwamba walikumbatiana. Miezi miwili iliyofuata alikuja kliniki akakaa mwisho wa benchi, bibi mwanzo wake, na kati yao akina mama watatu na watoto wao. Lakini vidonge tulipovihesabu vilikuwa sawa na siku. Mwezi wa tatu alikaa kando ya bibi, pengine kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kupima tena wingi wa virusi. Nikaweka sindano mezani, ionekane. Mkono huu ulikwisha kupimwa damu mara nyingi maishani mwake, na uchungu wake alikuwa akiujua kuliko mimi. Hata hivyo aliuliza, kwa sauti ya mwalimu anayeuliza swali ambalo jibu analo:

"Itauma?"

"Itauma," nikasema. "Kama siafu."

"Ulisema kifua."

"Nilisema. Nilikudanganya."

Aliifikiria habari hiyo. Bibi yake alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akakunja mkono wa shati mwenyewe, akaulaza mkono mezani, akaanza kuhesabu kwa sauti huku akinitazama mimi usoni badala ya kuitazama sindano. Alifika nne. Mshipa ulikuwa umenikwepa mara ya kwanza, nami nikamwambia hivyo.